Kisichosogea Hakijapotea

Jumapili, saa tisa alasiri. Uriri, nyumbani kwa Mama.

Mvua inanyemelea tangu asubuhi na bado haijaanguka. Mawingu yamelala juu ya miwa, hakuna jani linalotikisika, na joto limeniganda shingoni. Nimekaa kwenye baraza, kompyuta mapajani. Mama amelala ndani. Amelala kweli, kwa mara ya kwanza tangu nifike Ijumaa.

Nyumbani tunaongea Kijaluo. Haya ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili kinanipa umbali kidogo, na leo ninauhitaji.

Kesho asubuhi natakiwa kutia saini. Nikitia, mchoro wa chipu yetu utakwenda kiwandani, na kanuni niliyoiandika mimi mwenyewe itachongwa ndani yake isifutike tena. Wiki tatu zilizopita tulimzika Baba. Nimewaambia watu wote kwamba hatukumpata akiwa hai kwa sababu betri iliisha.

Si kweli.

Ninafanya kazi katika kampuni ndogo inayobuni chipu za mawasiliano ya masafa mafupi, zile zinazokifanya kitu kidogo kizungumze na simu iliyo karibu bila waya. Hatuna kiwanda. Sisi tunachora tu, na watu wengine ng'ambo ndio wanaotengeneza. Wenzangu wachoraji wako Nairobi. Mimi niko Homa Bay, kwenye chumba cha ghorofani kinachotazama ziwa, na kazi yangu ni kuzitesa hizo chipu. Nazining'iniza juu ya ndoo za maji, nazifunika kwa mabati, naziacha dirishani zile unyevu wa ziwa mpaka zikiri makosa yao. Maji ni adui mkubwa wa mawimbi yetu. Huwa tunataniana kwamba chipu ikipona Homa Bay, itapona popote duniani.

Chipu yetu ya kwanza tuliivalisha ng'ombe wa Ndhiwa. Wafugaji waliipenda, ila walilalamika kwamba betri inakufa mapema. Basi nikaenda nikakaa kando ya ua kutwa nzima, nikiwatazama ng'ombe kama mtu asiye na kazi. Nikaona kwamba ng'ombe aliyelala anacheua hana tatizo lolote. Wa kutiliwa shaka ni yule anayetembea wakati ambao hapaswi kutembea. Nikaandika kanuni: kidude kikikaa nusu saa bila kutikisika, kilale na kinyamaze. Kikitikiswa, kiamke na kiite. Betri ikaanza kudumu hadi tukashangaa wenyewe. Njeri, anayesimamia mradi, aliyachukua maneno yangu akayaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu: Kisichosogea hakijapotea. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Baadaye likaja agizo jipya, vidude vya wazee wanaosahau. Tukabadilisha kava, tukabadilisha rangi, tukabishana siku mbili juu ya kamba. Kanuni hatukuigusa. Hakuna aliyeuliza kama mzee ni sawa na ng'ombe, na mtu wa kuuliza nilikuwa mimi.

Baba alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Aliyazunguka mashamba haya kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi. Alipoanza kusahau, alitusahau sisi kwanza, akabaki na miwa yake. Alikuwa akiamka, anavaa koti lake la kahawia, anakwenda kazini, kazi aliyostaafu kitambo. Na miwa iliyokomaa si mahali pa kumtafutia mtu. Ukiingia hatua tatu tu, aliye nyuma yako hakuoni.

Kwa hiyo nilileta sampuli moja kutoka ofisini, ndogo kama kifungo, nikaishonea ndani ya ukosi wa lile koti. Nikaiunganisha na simu ya Mama na yangu. Mama ndiye aliyechagua mlio. Alitaka kengele ya baiskeli. Na ilifanya kazi, Mungu ni shahidi. Mama alikuwa akiingia kwenye miwa simu mkononi, anatembea taratibu kati ya mistari, mpaka kengele ilie mahali ambapo hakuna baiskeli wala njia, na hapo hapo karibu anamkuta Baba amesimama, anamkaripia mkataji asiyeonekana.

Siku aliyopotea kabisa, Mama alinipigia saa sita mchana. Nilikuwa na ndoo zangu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, atembee tu, simu italia. Alitembea, yeye na Baba mdogo Owuor, ndugu wa Baba anayekaa boma la pili, mpaka giza likawafukuza. Simu haikulia. Wakataji ndio waliomkuta asubuhi yake. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye miwa, vile alivyozoea kupumzika saa nne enzi za kazi. Kutoka alipokaa hadi kwenye njia ni hatua kumi na moja. Njia hiyo Mama aliipita mara nne.

Alikuwa amekaa. Hakusogea.

Nilielewa pale pale. Nilikuwa nimesimama kwenye tope, viatu vya ofisini miguuni. Baba mdogo akaniuliza mbona kidude hakikulia. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: betri ilikufa. Wote wakatikisa vichwa. Betri kila mtu anaijua, na kila mtu anajua inakufa bila kuaga. Hakuna aliyeniuliza tena.

Tulimzika na koti lake. Nilimwona kwa macho yangu kwenye jeneza, ukosi umefungwa hadi kooni. Kesho yake nikarudi Homa Bay, nikasingizia kazi.

Nimerudi Ijumaa hii kwa sababu Njeri aliniambia nikapumzike kabla ya kutia saini. Na pia kwa sababu ya sauti ya Mama. Kila nilipompigia alikuwa anahema, kama mtu aliye njiani, hata akisema yuko nyumbani.

Niliingia boma saa kumi, jua bado linawaka. Kaburi la Baba liko kando ya jiko la Mama, udongo wake bado haujakaa sawa. Nilipolipita, nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu.

Nikasogea pembeni kumpisha mwenye baiskeli.

Hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa tupu hadi barabarani. Mlio ulikuwa ukitoka kwenye mkoba wangu. Nikaitoa simu, na juu ya kioo yalikuwapo maneno niliyoyaandika mimi wakati natengeneza ile programu: Baba yuko karibu.

Nataka nieleze vizuri kwa nini nywele zilinisimama. Mimi si mtu wa kuogopa makaburi. Lakini najua mambo mawili kuhusu kile kidude. La kwanza, mawimbi yake hayawezi kupenya udongo wetu mweusi uliolowa maji, tena udongo wa kina cha kaburi. Nimepima mwenyewe, kwa ndoo za udongo. La pili, kikiwa kimelala hakiiti mpaka kitikiswe. Kwa hiyo simu ilikuwa inaniambia mambo mawili yasiyowezekana kwa mpigo: kwamba kidude kiko hapa karibu, na kwamba kuna kitu kinakitikisa.

Nikaangalia namba yake ya utambulisho. Hakuna chipu mbili zenye namba moja, kwa sababu namba za sampuli nazitoa mimi. Ilikuwa ni yenyewe.

Nguvu ya mawimbi tunaiandika kwa namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri, ndivyo kitu kilivyo karibu nawe. Nilisimama pale nikaitazama. Hasi themanini. Hasi sabini na moja. Hasi sitini na sita. Kisha ikarudi nyuma tena, sabini na nne. Kitu kilichotulia hakifanyi hivyo. Kilikuwa kinatembea, tena bila haraka, kwenda na kurudi, katikati ya boma mchana kweupe, na mimi nilichokiona ni kuku tu.

Mama akatokea jikoni na beseni. Akaniuliza mbona natetemeka. Nikasema ni njaa. Akaniandalia dagaa wa omena na ugali, naye akala akiwa wima, ameegemea mlango, akaenda kuchanja kuni kabla sijanawa mikono. Simu niliizima. Usiku huo sikuiwasha hata kuangalia saa.

Jana ilikuwa Sabato. Mama alitoka mapema kwenda kanisani kwa miguu. Mimi sikwenda, nilisema kichwa kinaniuma. Nikaiwasha simu, nikaketi kwenye benchi karibu na kaburi, nikangoja kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Kimya. Asubuhi nzima, kimya.

Baba mdogo Owuor alinikuta pale. Yeye hana kanisa, anafuata ya wazee. Hupenda kuniongelesha Kiswahili kwa sababu anadhani mtu wa ofisi hupumzika zaidi katika Kiswahili. Aliitazama simu mkononi mwangu kabla hajanisalimu.

"Na wewe umeiskia," akasema.

Nikauliza kusikia nini, kana kwamba mimi ni mjinga.

"Nyar owadwa," akaniita, binti wa ndugu yetu, "wacha mchezo. Hiyo kengele imekuwa ikilia hapa tangu tuzike. Kila mchana. Inalia kwa simu ya mama yako, na yeye anajifanya haskii. Anaendelea tu na kazi yake."

Nikamwambia pengine ni hitilafu ya mitambo. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Ng'ombe hatukutoa. Kanisa ya mama yako ilikataa, sawa, mimi sikugombana na yeye." Kwetu mzee akifa, wanaume huwakimbiza ng'ombe hadi mpakani kwa nyimbo na fujo, ili kifo kifukuzwe kwenye boma. Kwa Baba hilo halikufanyika. "Lakini ndugu yangu hakuwa mtu ya kusumbua watu bure. Unajua chien?"

Najua. Ni roho ya marehemu aliyekosewa. Bibi alikuwa akitutisha nayo tukiwa wadogo.

"Chien haisumbui kila mtu. Inatafutanga mtu yake."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye anajua kitu na amenyamaza."

Alisema hivyo akiitazama miwa, hakunitazama mimi. Angenitazama ningeweza angalau kukasirika. Akaniambia mos, pole, akaenda zake kuwaangalia ng'ombe.

Mama alirudi saa nane. Alipokuwa anaingia langoni, na Biblia kwapani, kengele ikalia kwenye simu yangu. Na mimi, fundi wa mawimbi, mtu anayelipwa kujua kitu kiko wapi, niligeuka nikalitazama kaburi.

Mchana huo Njeri aliniandikia. Aliniuliza kama nimepumzika, akanikumbusha Jumatatu saa tatu. Yeye ni mtu mwema na hajui lolote. Ukweli ni kwamba nikitia saini, hakuna atakayejua. Nikisema, mchoro utatupwa, kazi ya mwaka mzima ya watu kumi na wawili itarudi mwanzo, na mimi sijui kama nitabaki na meza. Nikisema pia, Mama atajua kwamba mumewe hakuuawa na betri. Lakini nikinyamaza, kuna mzee mahali fulani, simjui jina, atachoka siku moja katikati ya matembezi yake, atakaa chini apumzike, na watu wanaompenda watampita na simu zao mkononi.

Nilijua jibu sahihi. Sikulitoa. Nilimwandikia Njeri: nitakuwa tayari.

Hiyo ndiyo aibu ambayo sitaki kuiruka. Hata baada ya kengele, hata baada ya maneno ya Baba mdogo, nilikuwa bado naona rahisi zaidi kumwogopa marehemu kuliko kusema neno moja kwa walio hai.

Leo asubuhi niliamka nimekata shauri kwamba nitakitafuta mpaka nikipate, hata kama ni kuchimba kwa vidole. Ikafika saa nne. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji. Kengele ikalia, yangu na yake pamoja, kwa sauti moja. Mama hakugeuka.

Nikaanza kutembea na simu mbele yangu. Kaburini, hasi sitini na tisa. Nikasogea kuelekea jiko, hamsini na tano. Mlangoni, arobaini na sita. Nikaingia macho yameganda kwenye kioo, moshi unaniingia machoni, nikapiga hatua moja, ya pili. Hasi thelathini na nane. Hiyo kwetu ni umbali wa mkono. Nikainua uso.

Alikuwa ni Mama, ananitazama.

Nikarudi nyuma. Naandika hili ingawa linanitia haya: kwa muda wa pumzi moja niliamini kwamba aliyesimama mbele yangu ni Baba, yumo ndani ya Mama, ananitazama kwa macho ya Mama.

Mama akaweka mwiko chini. Akainama polepole, akashika pindo la gauni lake, akaligeuza. Kwa ndani palikuwa na kifuko kidogo, kitambaa cha bitana ya lile koti la kahawia, kimeshonwa kwa uzi wa buluu. Mishono ilikuwa midogo midogo, ya mtu aliyetumia muda.

"Nilikitoa asubuhi ya mazishi," akasema. "Kabla hawajamvalisha."

Zamani mjane wa Kijaluo alikuwa akivaa nguo ya mumewe mpaka siku za kuomboleza ziishe. Kanisa la Mama halitaki kusikia habari hizo, na Mama ni shemasi, akina mama wengine hutazama anachofanya. Basi alichukua kiasi ambacho hakuna mtu angekiona.

Nilidhani yameishia hapo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo dogo:

"Betri haikufa, nyara, binti yangu."

"Hapana, Mama. Haikufa."

"Nimejua tangu siku ya pili. Yeye alikuwa mochari, koti nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Ikafika saa nne, simu ikalia. Kesho yake saa nne, ikalia tena. Siku zote mpaka tukamzika. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa hapa kifuani."

Nikamwambia labda panya. Labda upepo chini ya mlango, labda mtu aligonga ukuta. Nayajua majibu yote ya namna hiyo, ndiyo kazi yangu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojua saa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, nikiwa nimeshika nguzo ya jiko. Halafu nikamwambia yote. Nikamwambia habari za ng'ombe wa Ndhiwa na nusu saa na yale maandishi mekundu ubaoni. Nikamwambia Baba alikaa chini kupumzika, na kidude kikahesabu, kikaona ametulia, kikalala. Nikamwambia kwamba kilifanya sawasawa na nilivyokifundisha. Alinisikiliza akiwa amesimama, uji ukiungua, na hakuuondoa motoni.

Nilipomaliza akasema sehemu kubwa alikuwa ameshaijua. Mama hajasoma mawimbi, lakini amelea watoto watano, anajua kitu kinacholala kikitulizwa. Alikuwa ameona kwamba akikaa muda mrefu kidude kinanyamaza, na akiinuka kinalia. Akajaribu tena na tena, jikoni, shambani, chini ya mti. Akaelewa jinsi alivyompita.

"Tangu hapo sikai," akasema. "Nikikaa kinanyamaza. Kikinyamaza, ni kama nampita tena."

Nikaitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na nyayo zimepasuka. Wiki tatu mwanamke huyu amezunguka boma hili akila wima, akichambua mboga wima, usiku akijigeuzageuza kitandani, ili kitu kidogo kama kifungo kisilale. Na mimi nilikuwa Homa Bay na ndoo zangu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yangu Mama aliitembea yote kwa miguu yake.

Nilimwomba akae. Akakataa. Nikamwambia basi nipe mimi, nitakaa nacho mimi, wewe ukae tu karibu yangu. Akafikiri. Kisha akachukua wembe, akakata ule uzi wa buluu, akakiweka juu ya meza.

Tukakaa kwenye benchi, bega kwa bega, simu mbele yetu kando ya kidude.

Nusu saa ni ndefu sana. Nilipoiandika ilikuwa tarakimu tu. Jogoo aliingia akatoka. Mtu alipita barabarani akatusalimu kwa mbali, Mama akamwitikia. Uji uliganda kwenye sufuria. Nilikuwa nawaza kwamba dakika hizi hizi ndizo Baba alikaa nazo, labda anasubiri wakataji wamalize mstari, labda anafurahia kivuli, na shingoni mwake kuna kitu kinahesabu. Mara mbili niliona mkono wa Mama unainuka kwenda mezani. Mara mbili akaurudisha mapajani. Mimi pia nilitaka kukigusa. Sijawahi kutaka kitu hivyo.

Kisha kioo cha simu kikabadilika. Jina la Baba likatoweka, na mahali pake pakaja yale maneno ya kawaida: Hakuna kifaa karibu.

Mama akauliza imeandika nini. Nikamsomea.

"Na kiko hapa," akasema.

"Kiko hapa, Mama."

Alikitazama kwa muda mrefu. Ningeweza kukifikia kwa kidole. Kilikuwa wazi mbele yetu, juu ya meza, kwenye mwanga wa mchana, na chombo nilichokitengeneza kilikuwa kinaapa kwamba hakipo. Mama akaniwekea mkono mgongoni, akasema ameelewa, akaenda kulala.

Sikumwuliza kama nimesamehewa, wala yeye hakulisema neno hilo. Sijui kama nimesamehewa.

Sasa ni saa kumi na moja. Mvua imeanza, matone makubwa yaliyoachana, na nimesogeza kiti ndani. Nimefungua fomu ya ofisi ya kuripoti hitilafu. Chanzo: kanuni ya kulala. Mwandishi wa kanuni: nimeweka jina langu. Maelezo: nimeandika kurasa mbili, kuanzia Ndhiwa, na kwamba nilidanganya kuhusu betri. Pendekezo: mchoro usiende kiwandani kesho. Sitatia saini.

Fomu haina mahali pa jina la mtu aliyedhurika. Nimepatafuta juu hadi chini, na hayo ni makosa yetu pia, hatukuwahi kufikiri kwamba patahitajika. Ina mstari mmoja tu ulioandikwa: Jina la kifaa kilichoathirika. Hapo nimeandika majina kamili ya Baba, yote matatu, pamoja na lile la ubatizo ambalo hakulipenda. Nimeituma.

Kesho asubuhi mtu wa ofisini atanipigia kuniuliza kama mstari huo nimekosea kuujaza. Nitamwambia hapana.